Mheshimiwa Kiluwiluwi

Chura ana methali: kelele zake hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na kila mtoto wa shule anaijua. Mwanawe kiluwiluwi hana lolote. Akionekana ndani ya ndoo, maji yanamwagwa pamoja naye, na aliyechota anatukanwa juu. Dhuluma hiyo naomba kuirekebisha leo.

Tutazame malezi yake kwanza. Amezaliwa kwenye dimbwi la masika, pengine katika alama ya kwato, bila mama wa kumfunika usiku wala baba wa kumtafutia kivuli mchana. (Kusini mwa Afrika yuko chura dume mkubwa, mwenye hasira, anayewachimbia wanawe mfereji wa kuwafikisha kwenye maji mengi dimbwi lao linapokauka. Hao ni watoto wa wakubwa, tuwaache.) Mwili wake hauna joto la akiba: maji yakiwa na nyuzi 15, naye ana nyuzi 15.

Je, analalamika? Asubuhi utamkuta ukingoni, kwenye maji ya kina cha kidole, ambako jua hupasha moto mapema. Adhuhuri ukingo ukianza kuchoma, anarudi kwenye kina. Kina kisipokuwepo, viluwiluwi wengi hupanda juu, hupiga funda moja la hewa na kuacha kipovu, kwa kuwa maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni pungufu kwa takriban theluthi kuliko ya nyuzi 10. Akizoea joto kwa siku kadhaa, kikomo chake cha kustahimili nacho husogea juu kidogo. Sisi umeme ukikatika saa moja tu, feni ikanyamaza, mtaa mzima unajua.

Lakini ustadi wake hasa uko kwenye ratiba. Maji yakiwa ya moto anafupisha masomo, anahitimu akiwa mdogo mno. Yakiwa baridi anachelewa, ila anatoka na mwili. Katika Jangwa la Sonora, Amerika Kaskazini, wapo wanaomaliza kila kitu kwa siku kama 8. Kaskazini mwa bara hilohilo, kwenye maziwa ya baridi, kiluwiluwi wa chura-fahali wa Kimarekani anaweza kukaa miaka 2 au zaidi bila mguu hata mmoja, wala hashtuki.

Wanasayansi waliwahi kuwadunga viluwiluwi hao homoni ya tezi ya shingo, ile inayoamuru mwili ugeuke, wakiwa katika maji ya nyuzi 5. Kimya. Walipohamishiwa nyuzi 25, mageuzi yakaanza. Agizo lilikuwa limepokelewa na kuwekwa kwenye faili, utekelezaji ukisubiri hali ya hewa. Sijui ofisi inayotunza barua vizuri hivyo.

Na siku zile za kugeuka hali chakula, maana mdomo uko kwenye ukarabati. Anajilisha mkia wake mwenyewe, wala haombi posho.