Chai Iliyolala Yapata Cheo

Zamani za ukoloni, baladia ya Nairobi ilipowaharamishia akina mama wa Pumwani kupika pombe majumbani mwao, haikuiharamisha pombe yenyewe, hasha. Iliipika yenyewe, ikaiuza katika vilabu vyake, na faida ikaielekeza kwenye ustawi wa Waafrika, hata mlevi wa Jumamosi akawa, pasipo kutambua, mfadhili wa umma.

Biashara ya namna hiyo haikupotea, imehamia jikoni. Kijana wa Buruburu huichukua strungi iliyolala tangu alfajiri, akaikamulia ndimu, akaitumbukizia barafu aliyoigandisha katika kopo la siagi (harufu ya siagi haimo katika hesabu), akaimimina ndani ya chupa ya jamu iliyobanduliwa karatasi nusu, akaipachika jani la mnanaa, na bei yake ikaishinda ya chapati mbili na maharagwe. Jua likitua huongezwa Kenya Cane na Stoney Tangawizi, nayo ikaitwa kokteli, na mpishi wake akaitwa fundi.

“Mwanangu,” aliuliza mama mmoja, akiitazama chupa kwa taadhima ya mashaka, “hii si ile chai niliyokwambia umwage?”

“Ndiyo, mathe, lakini sasa ina barafu.”

Mama akaonja, akakunja uso, akaamuru iletwe sufuria, maziwa na tangawizi, chai ipashwe upesi. Fundi akatii bila ubishi, kisha akamtoza bei ya kokteli.