Kabati Lisilo na Foleni

Filamu tatu za Narnia, za 2005, 2008 na 2010, zilimfanya mtoto amshangae simba anayesema. Mtu mzima akizirudia akiwa Kasulu au Kibondo, wilaya za Kigoma zenye kambi za wakimbizi, simba anakuwa jambo dogo. Kisa cha ile ya kwanza ni cha watoto wanne waliokimbia mabomu ya London, wakapita kabatini na makoti ya kuazima (kwa baridi ya asubuhi ya Kasulu, makoti ndiyo sehemu inayoaminika), wakavuka mpaka bila kuandikishwa, na filamu haijaisha wakatawazwa juu ya wenyeji. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapo Kasulu, ipo tangu 1996. Aliyezaliwa humo mwaka huo, kwa Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998, hatoki kambini bila kibali, sembuse kukalia kiti cha enzi.

Mtasema hekaya ya watoto haipimwi kwa sheria za nchi. Sawa, ila hata Narnia ilikuwa na agizo lake kuhusu wageni: binadamu akionekana, apelekwe kwa wakubwa mara moja. Aliyelitoa ni Mchawi Mweupe, na hakuna mtoto aliyehitaji kuelezwa kwamba huyo ndiye adui.