Mradi Uko Ndani ya Ratiba

Wanaobeza programu za ratiba hawazitendei haki. Zamani mradi ukichelewa, watu waliona umechelewa, basi. Leo Primavera au Microsoft Project inakuonyesha kazi gani imekwamisha zipi. Kisha unaweka tarehe mpya za msingi, na kuchelewa kote kunafutika. Kesho yake msimamizi anatamba kikaoni: "Tuko ndani ya ratiba." Hajadanganya. Ni ratiba ya jana jioni.

Waliosema mipango si matumizi huenda walikuwa na Berlin akilini. Wajerumani, watu wa saa kamili, walipanga kufungua uwanja wa ndege wa Brandenburg mwaka 2011. Wakasogeza hadi Juni 2012, kisha wakaahirisha zikiwa zimebaki wiki chache tu, kisa mitambo ya kudhibiti moto. Ukafunguliwa Oktoba 2020. Katikati hapo, mwaka 2018, ilibidi skrini 750 za taarifa za safari zibadilishwe: zilikuwa zimechakaa kwa kuwaka miaka nenda rudi bila abiria wa kuzisoma.

Angalau hizo zilimaliza kazi yao kabla ya wakati.