Ngeli za Programu Zisizolala

Programu za simu zimezoeleka kupangwa kwa kazi zake: za benki, za muziki, za michezo. Mpangilio huo ni wa mwenye duka. Mtafiti makini huziainisha kwa usingizi, na maabara yake ni simu ya Android iliyoachwa mezani usiku, kioo kimezimwa, chaja imechomolewa.

Ngeli kongwe ni ya Washika-wekiloki. Wekiloki ni ombi kwa mfumo: kioo na kizimike, ila prosesa isilale. Anayemalizia kupakua faili analishika kwa haki. Spishi hatari ni Msahaulifu, ambaye kazi yake ikikwama halirudishi tena. Ukiupasua msimbo wake utakuta amri ya kuachia ipo, imeandikwa vizuri kabisa, lakini chini ya mstari uliokwama. Angeiweka ndani ya finally, ambayo hutekelezwa hata mambo yakiharibika, na akashika kwa muda maalumu tangu mwanzo, tungekosa cha kumwandikia. Kwenye iPhone ana binamu, Mwimba-kimya: mwaka 2015 Facebook ilikiri kuwa programu yao, baada ya mtu kutazama video na kutoka, wakati mwingine iliendelea kuhesabika kuwa inacheza sauti, japo hakuna kilichosikika.

Mdokozi ni mpole zaidi, na kwa maoni yetu ndiye mbaya zaidi. Kila dakika anaiuliza seva kama kuna jipya. Hakuna. Swali lenyewe ni dogo, lakini redio ya simu ikishaamshwa hubaki macho kwa sekunde kadhaa baada ya data kupita, ikisubiri nyingine. Maswali kumi madogo yaliyotawanyika hula chaji kuliko furushi moja kubwa. Msahaulifu ana hitilafu, siku moja atakamatwa. Mdokozi hana kosa lolote kwenye msimbo.

Mwaka 2015 Android 6.0 ilileta Doze. Simu ikitulia bila chaja na kioo kikiwa kimezimwa, hulala usingizi wa pono: mtandao unakatwa kwa programu, wekiloki zinapuuzwa, na kazi husubiri madirisha mafupi yanayozidi kuachana. Wapiga-kengele, ngeli ndogo ya wanaoiamsha simu kwa saa waliyoipanga, hata wakiwa na kengele ya kupenya Doze, hawapigi zaidi ya mara moja kwa dakika 9. Msahaulifu alipona kwa kuhamia mfukoni, maana simu inayotembea haikusinzia. Mwaka uliofuata Android 7.0 iliongeza usingizi mwepesi wa safarini, unaozuia mtandao lakini hauzigusi wekiloki.

Google nao walijaribu uainishaji mwaka 2018, kwa Android 9: makundi yanayofuata jinsi mtu anavyoitumia programu, kuanzia inayotumika sasa hadi ile ya nadra. Tunaupinga kitaaluma. Unapima tabia za mwenye simu, si za kiumbe kinachochunguzwa.

Inabaki ngeli ya Waombaji, wanaotokeza kijisanduku cha kuomba wasibanwe na mfumo, na mwenye simu hubonyeza Ruhusu ili kimwondokee. Programu za ujumbe hudai kuwa bila msamaha huo meseji zitachelewa, ilhali ujumbe wa kipaumbele cha juu kutoka huduma ya Google yenyewe hupenya Doze. Anayesawazisha simu na saa ya mkononi ana hoja, tumsikilize. Tochi haina.