Feni Zinazunguka, Picha Hakuna

Mama wa bi harusi alishavua viatu mlangoni na kujipanga kwenye kochi na mashangazi wawili, tayari kuitazama harusi ya binti yao. Mhariri wa video, mkazi wa Sinza, Dar es Salaam, akabonyeza swichi kwa madaha ya mtu aliyetoka kuiunda upya kompyuta yake. Feni zikavuma. Taa za RAM zikawaka nyekundu, bluu, zambarau. "Mashaallah, inapendeza," akasema shangazi mmoja. Kisha skrini ikatangaza kwamba haipokei mawimbi yoyote, ikazimika. Juisi ililetwa, ikanywewa, ikaisha.

"Mwanangu," mama akauliza kwa upole unaoumiza kuliko tusi, "harusi yenyewe ndiyo hizi taa?"

Wageni walipoondoka, simu ya kwanza ilikwenda Kariakoo, kwa muuzaji wa kadi ya grafiki. Kadi ni RX 580 iliyotumika, toleo la AMD la mwaka 2017. "Bosi wangu, si niliiwasha mbele yako na picha ukaiona?" Kweli, aliiwasha, kwenye kompyuta kuukuu ya dukani, na picha ikatoka safi kabisa. Hapo ndipo mambo yanaponoga.

Kompyuta ikiwashwa, kabla ya Windows kufikiriwa, mazabodi huanza kujikagua: prosesa ipo, RAM ipo, kadi ya grafiki ipo. Kadi nayo imebeba programu ndogo ndani ya chipu yake, inayoieleza mashine namna ya kuchora picha ya kwanza. Kwenye kadi za umri huu programu hiyo ina sehemu mbili: moja ya mtindo wa zamani wa BIOS, nyingine ya mtindo mpya uitwao UEFI. Kompyuta kuukuu huita ile ya zamani bila maswali. Mazabodi mpya huita ile mpya, na yenye ulinzi mkali huikagua saini kwanza. Saini ikiwa imeharibika, sehemu hiyo hukataliwa, na skrini hubaki giza huku feni zikizunguka kwa furaha.

Nani aliharibu saini? Wachimba sarafu za kidijitali. Kwa miaka kadhaa kadi za aina hii zilikesha zikichimba Ethereum, na wachimbaji wengi waliichokonoa programu yake ili kumbukumbu ikimbie zaidi na umeme uliwe kidogo. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliachana na uchimbaji kabisa. Kadi zikakosa kazi, zikafutwa vumbi, zikaingia kwenye soko la mitumba la dunia nzima. Muuzaji wa Kariakoo huenda hajui lolote kati ya haya, na uso wa kadi hausemi.

Dawa ipo: mazabodi nyingi zina chaguo liitwalo CSM, linaloruhusu mtindo wa zamani. Ila kulifikia lazima uingie kwenye ukurasa wa mipangilio, na kuuona ukurasa huo lazima skrini iwe na picha. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba unayotaka kuifungua.

Basi achomeke waya wa HDMI nyuma ya mazabodi, si tundu lipo? Lipo, ila ni pambo. Prosesa yake ni i5-12400F, na hiyo F maana yake haina grafiki ya ndani. Kiwanda kimeweka tundu hata hivyo.

Marafiki nao hawakukosa ushauri. Mmoja alisugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli. Mwingine alichomoa betri ya CR2032 na kuirudisha. Wa tatu alikumbusha kwamba soketi ya mazabodi hutoa wati 75 tu ilhali kadi hii hula kama 185, kwa hiyo waya wa pini nane ni lazima. Ulikuwa umechomekwa tangu mwanzo. Kisha umeme ukakatika, wakalala.

Ukombozi ulikuwa juu ya kadi yenyewe, ukingoni, karibu na tundu la pini nane: swichi nyeusi ndogo ambayo kidole hakiipati. Baadhi ya RX 580 hubeba programu mbili, na swichi hiyo huchagua ipi itumike. Wachimbaji walichokonoa moja, nyingine hawakuigusa. Ikasukumwa kwa ncha ya kijiti cha meno, chini ya mwanga wa tochi ya simu, na bi harusi akatokea.

Kinachokera ni kwamba IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na spika ndani, na tatizo la picha ililitangaza kwa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi. Leo kuna hela ya kutia rangi za upinde wa mvua kwenye RAM, lakini spika ndogo ya kumwambia mtu wapi panauma imeonekana gharama. Na risiti ya dukani? "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Anayekwenda kununua kadi iliyotumika abebe kompyuta yake mwenyewe hadi dukani, aichomeke palepale, na asitoe hata shilingi kabla picha haijatoka kwenye mashine yake. Muuzaji akigoma, Kariakoo haina duka moja.