Kakakuona na Bei Iliyotoka Mbinguni

Katika msitu wa Walikale, mashariki mwa Kongo, ubavuni mwa kilima cha Bisie, aliishi Kakakuona mwenye kucha ndefu na mashaka marefu zaidi. Hakwenda shule. Alichokijua alikifukua mwenyewe. Wazazi wake walifukua mchwa. Yeye, tangu kasiterite ilipoanza kuchimbwa Bisie mwaka 2002, alifukua mawe meusi mazito yenye bati ndani yake. Na kama kakakuona wote, alikuwa na desturi moja: akikemewa, hujikunja akawa mpira, akangoja aliyemkemea achoke aende zake.

Jioni wachimbaji walikusanyika kwenye barza mbele ya Mwami Gorila. Fuko alikuwapo, na Nungunungu, na Panyabuku, na Mzee Kobe aliyekuwa hai kabla ya wote. Msemaji wa barza alikuwa Kasuku, ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyewahi kukaa miaka mingi Goma ndani ya tundu la mnunuzi wa madini, akarudi na maneno mengi. Mafundisho yake yalikuwa matatu, na aliyarudia kila siku jua likizama.

"La kwanza: kila kitu huvutwa chini, na hakuna wa kupinga. La pili: mawe mnayoyachimba, bati yake ilipikwa ndani ya nyota kabla dunia haijawa dunia. La tatu: bei ya mawe hayo nayo hushuka kutoka huko huko juu, kama mvua. Mvua haihojiwi. Aliyepata kidogo ashukuru. Hiyo ndiyo bei ya dunia."

Wote huitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Jioni moja Kakakuona hakuitikia.

"Mwalimu, mimi sikubali hata moja. Jiwe huanguka kwa kuwa limechoka kushikwa. Nyota hazina jiko. Na bei sijawahi kuiona ikinyesha."

Barza ikaangua kicheko. "Hiyo ni fizikia ya shimoni," alisema Kasuku. Kinyonga, mwenye bariyeri ya njiani, aliyekuwa na bunduki begani, alimkemea kwa kuwapotezea watu muda wa kazi. Kakakuona akajikunja, magamba yake yakalia kra-kra, akakaa hivyo hadi usiku wa manane.

Mbayuwayu ndiye aliyemkuta hapo alfajiri. Yeye hupita kila mwaka akitoka nchi za baridi, na hupumzika Walikale kabla ya kuendelea na safari.

"Kaka, kicheko hakiui," alisema. "Mwaka 1963, katika shule ya Magamba huko Tanzania, mwanafunzi Erasto Mpemba alitia maziwa yenye sukari kwenye friji yakiwa bado moto, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa bila kuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hakuacha kuuliza. Akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu, Denis Osborne, naye akamuuliza. Osborne hakusema ndiyo wala hapana. Alikwenda kupima. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha walichokiona. Hadi leo wataalamu wanabishana hutokea lini na kwa nini, lakini kicheko kimekwisha."

Jina la shule lilimkaa Kakakuona moyoni, kwa kuwa naye ni mwana wa magamba.

"Basi nilikosea wapi mimi?" aliuliza.

"Ulisema 'sikubali', ukaishia hapo. Mwenye shaka ya kweli husema 'tupime'."

Kakakuona akaanza na lile la kwanza. Alishuka mtoni na karai, akatia mchanga uliochanganyika na kasiterite, akautikisa kwenye mkondo. Maji yakachukua mchanga. Mawe meusi yakabaki chini. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi bila kuiangalia. Sasa aliiangalia. Kasiterite ina uzito wa karibu mara 7 ya maji ya ujazo uleule, na mchanga mweupe wa kwazi haufiki mara 3. Mto unalijua hilo bila kufundishwa. Kisha akapanda kwenye mdomo wa shimo, akaachia kwa pamoja jiwe kubwa kama kichwa na kokoto moja. Alitega sikio. Kishindo kilikuwa kimoja. Akarudia mara kumi, na mara kumi jiwe kubwa halikutangulia. Hakuna lililochoka kushikwa. Yote mawili yalivutwa chini, yakafika pamoja.

Jioni alisimama mbele ya barza akasema, "La kwanza nilikosea. Mwalimu alisema kweli." Neno "nilikosea" lilikuwa halijawahi kusikika mahali pale, na wanyama walitazamana.

La pili lilikuwa gumu, maana nyota haziingii kwenye karai. Mbayuwayu alimpeleka kwa Mama Nungunungu, aliyekuwa anapika sombe, akamwambia arushe chumvi kidogo motoni. Ulimi wa moto ukageuka njano kali.

"Kila kitu kikiungua au kikiwaka kina rangi zake, kama kila ukoo ulivyo na jina lake," alisema Mbayuwayu. "Watu hugawanya mwanga wa nyota kama upinde wa mvua unavyogawanya mwanga wa jua, wakasoma humo majina ya vilivyomo. Mwaka 1952 Paul Merrill, huko Marekani, alisoma mwanga wa nyota nyekundu zilizozeeka, akakuta humo jina la metali iitwayo tekineti. Tekineti huoza. Hata ile inayodumu kuliko zote, katika miaka kama milioni 4 nusu yake huwa imekwisha, na nyota zile zina umri mkubwa kuliko huo mara nyingi sana."

Kakakuona aliutazama ugali uliokuwa pembeni ya moto. Ulikuwa unafuka mvuke. Akafikiri kwa muda mrefu.

"Ukikuta ugali bado unafuka," alisema taratibu, "mpishi hajaondoka jikoni."

"Ndivyo. Nyota zile zilikuwa bado zinapika wakati mwanga ule ulipoziacha. Na sehemu kubwa ya bati hupikwa kwenye majiko kama hayo, polepole. Nyota ikifa, hupuliza majivu yake angani. Dunia ilifinyangwa kwa majivu ya namna hiyo. Kisha, karibu miaka bilioni 1 iliyopita, miamba iliyoyeyuka ilipanda chini ya nchi hii, ikayakusanya mahali pamoja. Hapo ndipo kucha zako zinapofika."

Kakakuona alitazama kucha zake kana kwamba ni za mgeni. Jioni alisimama tena. "La pili nalo nilikosea. Nyota zina jiko."

Kasuku akapiga mbawa kwa furaha. "Mmesikia! La kwanza kweli, la pili kweli. Basi na la tatu ni kweli, na asiulize mtu tena!"

"Mwalimu," alisema Kakakuona, "mawili hayo yalikuwa kweli kwa kuwa yalipimwa, wala si kwa kuwa yalitangulia. La tatu nalo tulipime."

Mwishoni mwa mwaka 2024 alitoka Bisie na jiwe moja la kasiterite, mfuko wa maharage, na mizani ya mti yenye mikono miwili, upande mmoja jiwe lake, upande wa pili jiwe la mto la kulinganishia. Mizani ya namna hiyo haidanganyiki hata mwezini: mvuto ukipungua, hupungua pande zote mbili. Kila alipofika aliuliza, "Hapa mtanipa nini kwa jiwe hili?" na jibu akalihesabu kwa punje za maharage.

Mdomoni mwa shimo walimpa punje moja. Siku ya salongo, shimo zima lilipomchimbia mwenye bunduki bila malipo, hata hiyo moja haikuwapo. Alitembea msituni hadi Njingala pamoja na wabebaji waliobeba magunia ya kilo 50 mgongoni, siku mbili za matope. Njingala jiwe lilikuwa punje mbili. Akapanda kuelekea Masisi, kwenye vilima vya majani ambako ng'ombe hulisha na jibini hutengenezwa, akifuata alama za chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumwa, zilizoshuka na mizigo. Kila baada ya mwendo palikuwa na kamba iliyofungwa njiani, na kila kamba ilikuwa na Kinyonga. Huku alikuwa wa kijani kama jani, kule wa kahawia kama udongo, mbele ya hapo wa madoa. Rangi ilibadilika. Mkono ulionyooshwa ulikuwa mmoja.

Rubaya aliwakuta ndugu zake Fuko wamesimama kwenye maji ya tope, wakiosha koltani kwa miguu iliyopauka. Kutoka kwenye vilima vile hutoka karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Bariyeri ya Rubaya ilikuwa imebadili rangi tena Aprili mwaka huo, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa kodi ya koltani pale ilimwingizia mwenye bariyeri mpya kama dola 800,000 kwa mwezi. Mbayuwayu, akiruka juu yao, alimweleza Kakakuona kuwa metali iliyomo kwenye koltani ilipewa jina mwaka 1802 na Msweden, Anders Ekeberg. Aliiita kwa jina la Tantalo wa hadithi za Wagiriki, aliyeadhibiwa kusimama kwenye maji hadi kidevuni na asiweze kunywa hata tone. Ekeberg alikuwa anafikiria asidi zisizoweza kuiyeyusha. Kakakuona aliwatazama Fuko, waliokuwa wanaosha utajiri wa simu za dunia na hawana sabuni ya kuoshea watoto wao, akashindwa kusema.

Goma jiwe lilikuwa punje saba. Akalipima mara ya mwisho: mizani ililala sawa kama ilivyolala Bisie.

Aliporudi, alitundika mizani kwenye mti wa barza. "Uzito haukubadilika popote. Hiyo ni sheria ya mbingu, nami naiheshimu. Bei imebadilika kila palipokuwa na mkono. Mingine ilikuwa mikono ya jasho: mbebaji, mwosha mawe, mwenye chukudu. Hao wanastahili punje zao. Mingine ilishika kamba tu."

"Hiyo ni bei ya njiani," alisema Kasuku. "Bei kubwa, ile ya mwanzo, inatoka mbinguni."

"Mwalimu, tazama gamba langu. Ni kitu kilekile kilichotengeneza kucha, na nywele za watu, na kwato za mbuzi. Nyota haijui tofauti yake. Lakini ndugu zangu wanawindwa na magamba yao yanauzwa kwa kilo ng'ambo, kwa sababu kuna watu huko wameamini kuwa ni dawa. Siku wakiacha kuamini, gamba langu litabaki na uzito wake, na bei yake itakufa. Kitu gani cha mbinguni hufa watu wakibadili mawazo?"

Mzee Kobe akatoa kichwa. "Mwaka 2000 nilikuwa Masisi. Koltani ilipanda bei mara kadhaa, kwa kuwa watengenezaji wa mbali waliogopa itawaishia. Watu waliacha mashamba. Mwaka uliofuata ikaanguka. Septemba 2010, Kinshasa ilifunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Miezi hiyo watoto wetu walilala njaa. Nimeona mvua nyingi, wanangu. Sijaona mvua yenye mhuri."

Kasuku akanyamaza, lakini hakukubali.

Ndipo ikaja Machi 2025. Vita vikafika Walikale, mgodi mkubwa wa Bisie ukasimama, wanyama wakakimbilia msituni na watoto migongoni. Siku chache baadaye Mbayuwayu alipita akirudi kaskazini. Habari zilikuwa zimemfikia: London, sokoni kwa bati, bei ilikuwa imeruka. Bisie hutoa karibu asilimia 6 ya bati yote ya dunia, na wanunuzi walikuwa wameshikwa na hofu.

Waliobaki wa barza walikutana gizani, bila moto. Kakakuona akauliza kwa upole, "Mwalimu, kama bei hushuka kutoka juu, nani aliipasha mbingu habari kwamba sisi tumekimbia?"

Kasuku alifungua mdomo. Alitafuta katika maneno yote ya tunduni, asipate hata moja la kurudia.

"Huko juu tunakoambiwa," aliendelea Kakakuona, "kunatusikia. Tukinyamaza huku, kule wanatetemeka. Sisi hatuko chini ya bei hiyo. Tumo ndani yake."

Mwami Gorila alikaa kimya, kisha akaamua alichoweza kuamua. London hakuwa na amri nayo. Lakini kuanzia siku hiyo kila gunia litapimwa kwenye barza mbele ya wote, bei ya Goma itasomwa kwa sauti, na kila punje inayokatwa itatajwa pamoja na jina la anayeikata.

Asubuhi Kinyonga alifika, mwenye rangi ambayo walikuwa hawajaiona bado. Aliiona mizani.

"Nani ameanza kuuliza hapa?"

Nungunungu alijikunja. Panyabuku alijikunja. Mgongo wa Kakakuona nao ulianza kupinda wenyewe, kwa mazoea ya ukoo mzima, na magamba yakalia kra-kra. Akausikia mlio huo. Akasimama kwa miguu miwili, kucha kifuani.

"Ni mimi," alisema. "Nilikosea mara mbili, na mara mbili nikakiri hapa hapa. Ndiyo maana hili la tatu nakuuliza bila woga: punje yako umeitolea jasho gani?"

Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, wanyama wakaanza kujikunjua.