Kistari cha Beji ya Singer

Tangu Jumanne sipiti sokoni Laare. Nikipita, kuna kijana wa kufunga miraa ataita, "Elfu moja mia nane hamsini na moja!" na mwenzake ataitikia, "Mpaka!" Kisha kibaraza kizima kinacheka.

Kosa langu lilianza na mafuta ya taa. Nilikuwa nimesugua kichwa cha cherehani ya Nyanya usiku kucha, hasa ile beji ya shaba yenye ukingo wa buluu, na upande wa kushoto ukang'aa mpaka nikasoma 1851. Upande wa kulia ulikuwa na rangi ya dirisha iliyodondoka zamani. Sikuona haja ya kujisumbua nao. 1851! Krapf alikuwa ndiyo kwanza ameuona Mlima Kenya, tena kwa mbali, miaka 2 nyuma yake. Na sisi tulikuwa na Singer!

Asubuhi nikaibeba begani hadi kwa fundi mzee anayeshona mbele ya duka la mbegu. Ningeweza kumnong'oneza. Sikumnong'oneza. Nilisimama katikati ya kina mama wanaopanga miraa na kuifunga kwa majani ya ndizi, nikatoa mhadhara juu ya hazina za familia zinazooza vijijini kwa kukosa wasomi. Nikataja bei. Kina mama wakaacha kufunga.

Fundi akavaa miwani yake, iliyofungwa mkono mmoja kwa uzi mweusi. Akatemea kitambaa mate, akakwangua ile rangi kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. Ikatokea 1951.

"Kijana," akasema, "hapa katikati pana kistari. Kistari maana yake ni mpaka. Kampuni ilitimiza miaka 100, ikajipa beji. Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye kistari!" akajibu mama mmoja aliyekaa juu ya gunia.

Sina la kuongeza kuhusu dakika zilizofuata, ila kwamba kichwa cha cherehani ni kizito mno kwa mtu anayetaka kukimbia.

Kwa kuwa sikuweza kukimbia, nilikaa, na fundi akanifundisha. Hapo ndipo niliposahau aibu kwa muda. Mwaka wa cherehani hausomwi kwenye beji, maana beji imeshikwa kwa pini mbili tu na mtu yeyote aweza kuibandua. Unasomwa kwenye namba iliyopigwa kwenye kitako, upande wa kulia. Yetu inaanza na herufi mbili, ya kwanza E: hiyo ni kazi ya kiwanda cha Kilbowie, mji wa Clydebank, Uskoti, kilichojengwa miaka ya 1880, kikawa na mnara wa saa ulioonekana mji mzima, kikafungwa 1980. Herufi K kwenye namba ya aina yake ni Kilbowie hiyohiyo. Na namba zilitolewa kwa mafungu makubwa na kuandikwa kwenye madaftari, kwa hiyo tarehe unayoipata ni ya siku fungu lilipotolewa, si siku mashini ilipomalizwa. Ni kama mtoto kupewa cheti cha kuzaliwa kabla mama yake hajashikwa na uchungu.

Kisha akazungusha gurudumu polepole ili nione mshono unavyozaliwa. Sindano ina tundu kwenye ncha, si kwenye kisigino kama ya mkono. Inashuka na uzi. Inapoanza kupanda, uzi unalegea na kuacha kitanzi kidogo kwa nyuma. Papo hapo ncha ya ndoano inapita, inakinasa kile kitanzi na kukizungusha nyumba nzima ya bobini, ili uzi wa chini upite katikati yake bila kutoka nyumbani. Mkono wa juu unavuta, vinabanana. Ndoano ikichelewa kidogo tu, hakuna mshono. Nilimwomba azungushe mara kumi. Alizungusha mara tatu, akasema ana kazi.

Nyumbani kulikuwa na hasara nyingine. Baba mdogo alikuwa ameshika simu karibu na sindano. Ni ule uvumi uliozuka Saudi Arabia mwaka 2009, kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu: simu ikikata karibu na sindano, zebaki imo. Huko watu walitaka kuzinunua kwa hadi riyali 200,000. Hakukuwa na zebaki yoyote. Simu ya baba mdogo ilikata. Mtandao wa kwetu hukata hata karibu na sufuria, lakini nani angemweleza?

Pia nilipoteza skrubu moja. Na nimeshona kidole.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Miraa ya boma letu, ile mbaine iliyopandwa kabla ya babu kuzaliwa, iligawiwa wanaume. Hakuna aliyesema ni mali ya familia. Nyanya hana jina kwenye hati yoyote ya shamba. Alikuwa na mashini. Kwa mashini hiyo alishona sare za shule mpaka usiku wa manane, na karo iliyosomesha hawa wanawe wanaokuja Krismasi kwa Krismasi ilitoka chini ya sindano ile. Mimi nikataja bei mara moja tu, kwa ujinga, na kabla ya jua kutua baba wadogo wawili walikuwa uani wakizungumzia "urithi wetu". Mwenyewe alikuwa ndani, yu hai, anamenya viazi.

Nilimpelekea ugunduzi wangu wa 1951. "Niliinunua mwaka wa Uhuru," akasema bila kuinua kichwa, "kwa mke wa mwenye duka, naye alikuwa ameishonea miaka kumi na miwili. Nililipa kidogo kidogo mpaka nikamaliza. Ungeniuliza, mjukuu wangu."

Baba wadogo wameondoka; ameshawaambia haiuzwi. Leo asubuhi alinikunjia pindo la suruali, akanitoza shilingi 50.